Msiwakaririshe watoto kazi za seli tu

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi niseme jambo linalonikera. Juzi namsikiliza mwanangu anajisomea baiolojia, seli nyekundu ya damu kazi yake kubeba oksijeni, seli ya neva kupeleka taarifa, kinyweleo cha mzizi kufyonza maji na madini, anaimba tu, nikamuuliza sasa hizo seli zilijuaje hii iwe ya damu na ile iwe ya ubongo? Akanijibu eti kila moja ilipewa maelekezo yake.

Hapo ndo penye shida, na sio yeye peke yake, watu wazima kibao wanaamini seli ya ini ina jeni (maelekezo ya kurithi) za ini na ya jicho ina za jicho, basi. Jamani, wote tulianza na yai moja lililorutubishwa, likagawanyika weee, na kila mgawanyiko DNA yote, yaani kitu kinachobeba jeni, inanakiliwa, kwa hiyo hata seli ya ngozi ya kisigino inayo maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ila haiyasomi. Tofauti ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa, na hilo linategemea sana seli ilikaa wapi kwenye kiinitete na majirani zake waliiletea kemikali gani.

Sio maneno yangu tu. Mwaka 1962 John Gurdon wa Uingereza alieleza alivyotoa kiini (sehemu inayotunza DNA) cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi akakitia kwenye yai la chura ambalo kiini chake kilishaharibiwa, na machache kati ya mayai hayo yakakua hadi yakawa viluwiluwi vinavyoogelea! Kama seli ya utumbo ingekuwa imebaki na jeni za utumbo tu, mkia na macho vingetoka wapi? Halafu 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akaingiza jeni nne tu kwenye seli za panya zilizokwisha komaa, zikarudi kuwa kama seli shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka za aina nyingine. Wawili hao waligawana Nobel 2012.

Kwenye mimea hata maabara huhitaji, chomeka kipande cha tawi ardhini, seli zilizokuwa za tawi zinaanza kutoa mizizi.

Nakubali zipo seli ambazo mwishoni hazibaki na DNA yake, na mimi ndo hizo nazipenda zaidi. Seli nyekundu ya mamalia ikikaribia kukomaa inatupa kiini chake chote ipate nafasi ya hemoglobini, ndo maana inaishi siku kama 120 tu na haiwezi kugawanyika (ya ndege kiini chake inabaki nacho). Seli ya zailemu, ile mirija ya maji ya mmea, ndo kiboko, inajikandika kuta ngumu za lignini halafu inakufa, na ikishakufa ndo inaanza kazi, bomba tupu la kupandisha maji. Lakini angalieni, zote mbili zinapoteza DNA mwishoni, baada ya kuisoma na kujijenga, sio kwamba zilinyimwa toka mwanzo.

Sasa ombi langu, kwenye ule ukurasa wenu wa maswali ya mitihani acheni kidogo "taja kazi tatu za seli", wekeni "kwa nini seli nyekundu ya binadamu ikiharibika haijitengenezi upya?" muone majibu yatakayokuja.

Mzazi, msomaji wenu wa siku nyingi