Barua ya wazi kwa mdogo wangu: besi niliishusha mimi

Mdogo wangu,

Picha nimeiona. Aliyeituma kwenye kundi la ukoo simtaji, asije akaogopa kutuma nyingine. Gitaa la besi limelazwa kitandani, waya umezungushwa vizuri pembeni kama unavyozungusha wewe, na chini maneno manne: "Linauzwa. Lipo hali nzuri." Hiyo hali nzuri haipo, na wewe unajua, lakini tuliache hilo kwanza. Nilikupigia, simu ikaita mara moja ikakatwa. Nilipopiga tena haikuita kabisa. Ndiyo maana naandika hapa mambo ambayo yalitakiwa yaishie nyumbani. Najua huwa unapita kimyakimya. Shemeji aliteleza ulimi siku moja akasema mliicheka ile niliyoandika kuhusu spika. Basi kama mliicheka ile, na hii someni.

Usiliuze.

Nilitaka niandike hilo tu nifunge. Lakini usiku ule ule nikaiweka ile albamu ya 1988 ya Metallica, lile kundi la roki nzito la Marekani, ile yetu, nikavaa hedifoni nikaanza kumtafuta Jason Newsted, mpiga besi wao. Zaidi ya saa nzima ya muziki. Nimempata mahali pachache, kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kumtafuta. Mimi nilikuwa mtu wa gitaa, nasikia gitaa tu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba ile sauti inayokwaruza mwanzoni mwa ule wimbo wa kengele wa 1984, ambayo miaka yote niliapa ni gitaa, ni besi ya Cliff Burton, aliyemtangulia Jason, imevurugwa makusudi. Nilibisha wiki nzima. Ukaja na besi yako, ukaichomeka kwenye amplifaya yangu, ukaukoroga ule mpigo mbele yangu. Sikusema umeshinda. Nilisema, "Punguza, utaniulia spika."

Na wewe ndiye uliyenisimulia habari za Jason, tena kwa uchungu kana kwamba ni mtoto wa nyumbani. Basi la Metallica lilipinduka kule Sweden alfajiri ya tarehe 27 Septemba 1986, Cliff akafa, ana miaka 24. Usiku ule walikuwa wamechezea karata nani alale kitanda kipi. Cliff akavuta shupaza ree, akachagua kitanda cha Kirk Hammett, mpiga gitaa wao. Tarehe 8 Novemba Jason alikuwa tayari jukwaani California, amesimama pale pale pa marehemu. Siku 42. Kwa hesabu zetu, arobaini ndiyo kwanza imepita. Wale watu hawakuwa wamelia bado. Kilio chao wakamlipisha yeye: wanaagiza chakula na vinywaji hotelini, bili inaandikwa chumba chake. Yeye anacheka, analipa, kesho anapanda jukwaani. Halafu ikaja albamu ya kwanza nzima aliyoipiga nao, hiyo ya 1988, na ndani yake hayumo.

Ulikuwa unaisimulia hiyo habari na mimi natikisa kichwa, nasema, "Watu wana roho mbaya jamani."

Sasa tufike kule ambako hatujawahi kufika.

Siku tuliyokwenda studio kuchukua nyimbo zetu tatu, fundi alitupigia pale pale kwenye spika kubwa. Kwenye spika kubwa huwezi kugundua, ngurumo zote ni moja. Mpiga dramu wetu akapiga makofi. Wewe ukaomba hedifoni. Ukakaa kwenye lile sanduku la vifaa karibu na mlango, ukafumba macho, na vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea kwenye paja lako, unajipigia unavyosikiliza. Wimbo wa kwanza vidole vinatembea. Wimbo wa pili vikatembea mpaka katikati, vikasimama. Ukafumbua macho. Hukusubiri wa tatu. Ukavua hedifoni, ukazungusha waya wake taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, ukamrudishia fundi kwa mikono miwili. Kisha ukaniuliza, "Kaka, mimi nipo wapi humu?"

Nikakujibu, "Sikiliza vizuri."

Fundi aliangalia chini. Alikuwa anajua, kwa sababu usiku uliotangulia nilibaki naye peke yangu. Niliwaambieni nyote mwende mkalale, mimi namalizia mambo madogo. Nilimwambia apunguze besi. Akapunguza. Nikamwambia tena. Akaniuliza, "Hii si itapotea kabisa?" Nikamwambia yeye ashushe tu.

Nimelisema. Unaweza kuacha kusoma hapo ukitaka.

Lakini kama bado upo, nipe nafasi nieleze, kwa sababu kuna mambo ya ufundi hukuyaangalia. Wewe ulikuwa unanifuata, mdogo wangu. Kila nilichopiga kwenye gitaa wewe ulikipiga vile vile chini yake, tena kwa piki, kile kijipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi, na piki ina ule mlio wa juu unaogongana na gitaa. Tatizo lile lile la 1988. Cliff alipiga kwa vidole na alikuwa na njia yake. Gitaa likienda huku yeye anapita kule. Jason alipiga kwa piki, anamfuata James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, hatua kwa hatua. James naye sauti ya gitaa lake ilikuwa imekata katikati na kujaza chini, kule kule inakokaa besi. Sauti mbili zikigombania chumba kimoja, mmoja lazima atoke nje. Na masikio yalikuwa yamechoka, walikuwa wanachanganya ile kazi, yaani kusawazisha sauti za vyombo, huku wako kwenye ziara. Sababu zipo, nataka uzione.

Najua utakachosema. Utasema aliyesimamia uchanganyaji ule alikuja kueleza mwenyewe kwamba Lars Ulrich, mpiga dramu wao, ndiye aliyemwamuru aishushe besi mpaka isikike kwa shida, kisha aishushe tena. Utasema kugongana kwa sauti hakushushi kitufe, mkono wa mtu ndio unaoshusha. Na utasema, maana hukosi la kusema, kwamba aliyekwambia unifuate hatua kwa hatua ni mimi.

Ni mimi, ndiyo. Ulipokuja na ile njia yako ya kupanda na kushuka kwenye wimbo wa pili nilikwambia, "Usinichanganye, nifuate." Ilikuwa nzuri. Nilijua ilikuwa nzuri siku ile ile.

Miaka mingi nilidhani tulikosana kwa sababu ya ladha. Watu wakiniuliza mbona hampigi pamoja tena, nilikuwa nawaambia yule mdogo wangu alihamia kwenye muziki laini. Nilikuwa na hotuba yangu, unaijua, ulikuwa ukiiona inakuja unatoka nje. Kwamba 1983 Metallica walikuwa na kasi ya watu wanaokimbizwa. Kwamba 1984 walikwenda kurekodi Copenhagen, wakarudi na wimbo unaoanza kwa gitaa kavu, na tayari wapo waliopiga kelele kwamba wamejiuza. Hao walikuwa wajinga. 1986 wakafika kileleni. 1988 wakavuka kilele, nyimbo zinakaribia dakika 10, mapigo yanabadilika kabla hujayashika. Na kwamba 1991 wakakaa na prodyuza Bob Rock, wakapunguza mwendo, wakafupisha, wakalegeza nyuzi wimbo mmoja ukawa mzito kama gari la mchanga, wakauza nakala zaidi ya milioni 30 duniani, na hapo ndipo mimi nikashuka kwenye basi. 1996, walipokata nywele na kujipaka wanja, nilisema hata jina wangelibadilisha.

Wewe ulianzia pale nilipoishia. Ile albamu ya 1991, ile nyeusi, uliichakaza. Nikakuita mtoto wa redio mbele ya wenzetu, na wakacheka, na ukacheka nao.

Juzi baada ya ile ya 1988 nikaiweka hiyo nyeusi, hedifoni zile zile. Mdogo wangu, besi ipo! Ipo kifuani. Bob Rock alimtoa Jason kule nyuma akampa kazi yake, aache kulifuata gitaa, ashikamane na dramu, na ghafla nyumba nzima ina msingi. Nimekaa nikajiona mpumbavu. Wakati nakutukana kwamba unapenda mambo rahisi, wewe ulikuwa unafurahi tu kumsikia mwenzako anasikika. Mbona hukuniambia? Ungesema sentensi moja. Ulikuwa unasema "hii ina uzito kaka" halafu basi, nami ningejuaje?

Hata ule ugumu niliokuwa nauabudu, wenyewe uliwachosha. Kirk amesimulia walivyokuwa wakiona watu wa mbele wamechoka kabla ule wimbo mrefu wa 1988 haujafika mwisho. Wale niliowaita wasaliti walisikiliza watu waliosimama mbele yao. Mimi niliyekuwa na mtu mmoja tu mbele yangu nilimwambia asikilize vizuri yeye.

Sikuondoi lawama zote. Jason alivumilia miaka 14. Alipoondoka Januari 2001, shingo imeharibika kwa kutikisa kichwa miaka yote hiyo, James amemkatalia kupiga na kundi lake la pembeni, aliondoka kwa kuaga, akatoa tamko. Wewe uliondoka kwa kutokuja. Jumamosi tulikaa tumepanga vyombo, dramu anagonga gonga, saa ya kwanza, saa ya pili. Ulikuwa na gari, ulikuwa na simu. Mambo ya kunikatia simu hujaanza leo.

Halafu angalia wao walifanya nini. Walipobaki bila mpiga besi walikaribia kuvunjika kabisa. James akaenda kutibiwa ulevi, wakaajiri mshauri wa kuwakalisha pamoja na kuwauliza wanajisikiaje, dola 40,000 kwa mwezi. Sisi wazee wa kutusuluhisha tulikuwa nao wa bure, na hakuna aliyekwenda kuwaamsha. Albamu iliyotoka 2003 haina solo hata moja, ile dramu ndogo inalia kama debe tupu, na besi amepiga Bob Rock mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mtu. Nilikuwa naichukia ile kazi. Sasa naisikia tofauti kidogo, ni sauti ya watu waliogombana na bado wako chumba kimoja. Debe lakini libaki debe, hapo sibadiliki.

Walipompata Robert Trujillo walimwekea dola milioni 1 mbele, ya kuanzia tu. Ipo kwenye ile filamu yao ya 2004, na uso wake yule bwana kwa kweli ni wa mtu anayetafuta kamera iliyofichwa. Nadhani pesa zile nusu yake zilikuwa za Jason.

Kilichonipata zaidi ni Cleveland, Aprili 2009, wanaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa roki. Walimwita Jason akaja. Baba yake Cliff alikuwepo, mzee kabisa, amepanda jukwaani kwa ajili ya mwanawe. Na walipopiga, walipiga na besi mbili, Jason huku na Robert kule, na Jason anatikisa kichwa kile kile na shingo ile ile. Video hiyo uliwahi kunitumia, zamani kidogo, bila neno lolote. Sikujibu. Nilidhani unanitambia.

Ile ya 1988 waliitoa upya 2018, imesafishwa, na besi wakaiacha pale pale chini. Wapo mashabiki waliokaa na kuipandisha wenyewe kwa kompyuta. Nami nikamtafuta yule fundi wetu. Bado yupo, na zile nyimbo bado anazo, kila chombo peke yake. Amenitumia besi yako tupu. Wimbo wa pili, kabla ya ile sehemu niliyokukataza, unasikika umevuta pumzi. Halafu, mshenzi wewe, unapiga njia yako. Mara moja tu, kupanda na kushuka, unarudi kunifuata kama hakuna kilichotokea. Sikujua kabisa kwamba ipo. Ndipo vidole vyako viliposimama pale kwenye sanduku, sivyo? Ulikuwa unaisubiri hiyo.

Nimemwambia apandishe. Ikiwa tayari nitaiacha kwa shemeji, usikilize ukitaka.

Na kama gitaa limeshachukuliwa, basi mwambie aliyelichukua kwamba tundu la waya limelegea, lazima aushikize kwa goti la kulia wakati anapiga, la sivyo sauti inakatika. Asije akadhani ni spika.

Kaka yako