Kama sahani ilikuwepo, ilikuwa ya vitumbua

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile ya viongozi waliodai haki bila kushika silaha, nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliifurahia. Mara ya pili ilinikera, na kilichonikera ni sentensi moja tu: kwamba Tanganyika “ilipewa uhuru kwenye sahani” kwa kuwa ilijaliwa kiongozi mpole na mkoloni aliyekwisha kuchoka.

Kama sahani ilikuwepo, ilikuwa ya vitumbua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akivipika Kariakoo, na fedha ya Jumamosi haikuingia kwenye kibubu chake. Ilikwenda ofisi ya TANU, chama kilichopigania uhuru, New Street, mtaa tunaouita leo Lumumba. Kusoma hakujua. Alikuwa mchezaji wa lelemama, ngoma ya wanawake, na aliyemwingiza chamani hakuwa Mwalimu Nyerere, ambaye wakati huo bibi alikuwa hajamwona hata kwa mbali. Alikuwa kiongozi wa ngoma yake.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji wenu wasimame kidogo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ikiwa na wasomi wachache, makarani na wazee wa mjini. Mwaka uliofuata ndipo akatafutwa mwanamke wa kuongoza tawi la akina mama, akapatikana Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bombay. Hakuanza kwa kuhutubia. Alianza kwa kuwaendea viongozi wa ngoma, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wawalete watu wao. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi.

Anayeijua ngoma ya mjini hashangai. Kikundi cha lelemama kilikuwa na mwenyekiti, na michango, na sare, na adhabu kwa mwenye kuchelewa au kuleta fujo. Kilikuwa na ushindani mkali na cha mtaa wa pili, lakini ushindani wa nyimbo na mavazi, si wa marungu. Watu hawa walikwisha kufundishana namna ya kukusanyika mia kwa wakati mmoja na kutawanyika bila kuvunjika hata kikombe. Serikali iliyokuwa ikizikodolea macho barua za wasomi iliwaona akina mama hawa kama wacheza ngoma tu. Mnasema “bila kumwaga damu” kana kwamba ni bahati ya hali ya hewa. Nidhamu ile ilikuwa na mafundi wake, na wengi wao walivaa kanga.

Wala msidhani watu walikuwa wapole kwa kutojua vita. Wazee wa miaka ya 1950 walikulia katika habari za Maji Maji. Vita vile vya 1905 hadi 1907 viliua makumi ya maelfu, wengine wanahesabu zaidi ya laki mbili, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Tena jirani yetu Kenya alikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Simlaumu Mkenya aliyeingia msituni. Yeye alinyang'anywa ardhi, na hakuwa na Umoja wa Mataifa wa kumsikiliza kama sisi tuliokuwa nchi ya udhamini, yaani chini ya uangalizi wa Umoja huo. Ninachosema ni kwamba hapa njia ya pili ilionekana wazi, gharama yake ilijulikana, na watu wakachagua.

Kuchagua njia hiyo hakukuwa kutamu. Tabora, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulikaa kujadili kura tatu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake inaharibika. Mwafrika mwenye watu mamilioni akapewa kiti sawasawa na jamii za watu maelfu. Kuukataa uchaguzi ule kulikuwa na raha yake, na wajumbe wengi walitaka hivyo. Mwalimu akawashawishi washiriki, na uamuzi ule ukaja kuitwa wa busara. Ila siku ile ulionekana kwa wengine ni kusalimu amri. Zuberi Mtemvu alitoka, akaanzisha chama chake cha ANC, yaani African National Congress ya Tanganyika. Tunamsahau upesi mno, naye alikuwa na hoja.

Sasa mtazame nani aliruhusiwa kupiga kura hiyo: aliyefika darasa la nane, au mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au mwenye cheo fulani. Bibi yangu hakuwa na hata kimoja. Bibi Titi mwenyewe hakufika darasa la nane. Wanawake waliouza kadi na kujaza viwanja, wengi wao walikuwa wakiwatafutia wenzao kura ambayo wao hawana. Bibi alikuwa akilisema hili huku anacheka. Mimi sijawahi kucheka.

Mwaka huohuo Mwalimu alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika jarida dogo la chama, Sauti ya TANU. Mwezi Agosti hakimu akamtia hatiani: faini pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Pauni 150! Kiasi kilekile cha kipato kilichomfanya mtu astahili kupiga kura. Wapo waliotaka aende jela awe shahidi wa mapambano. Akalipa, akarudi kazini, na uchaguzi wa Septemba ukakuta chama kina kiongozi wake nje. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi kama kiongozi. Alijua kwamba kufungwa ni silaha, na alijua siku ambayo silaha hiyo haifai.

Kura tatu zikawageukia walioziweka. Wapiga kura wa TANU waliwachagua Wazungu na Waasia waliokuwa upande wao, akina Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Mwaka 1960 chama kikapata viti 70 kati ya 71.

Mlimtaja pia Martin Luther King, mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani, na hapo mmeirudia kasoro ileile. Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikamatwa Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi. Usiku uleule mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, alikwenda kuchapa makaratasi maelfu kwa maelfu ya kuwataka watu wasipande mabasi, na akina mama wa chama chake wakayasambaza. King, kijana wa miaka 26, alichaguliwa kuongoza siku mgomo ulipoanza, tarehe 5. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kutembea kwa miguu, na walitembea siku 381. Huku kwetu, mwaka uleule, Bibi Titi alikuwa akizunguka nyumba za ngoma. Hawakujuana, lakini kazi yao ilikuwa moja.

Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Kesi ile ina mabishano yake, nayaacha kwa wanasheria. Ila kwa miaka mingi jina lake liliondoka vinywani, na pamoja nalo likaondoka lelemama lote. Leo ana barabara kubwa mjini. Wanaokwama kwenye foleni pale hulitaja kila siku kwa hasira, na nadhani angecheka.

Ombi langu ni dogo. Saba Saba ikifika, mnatuletea bei za masufuria na majokofu kwenye maonyesho. Sawa, nami hununua. Lakini tengeni kurasa mbili kwa ajili ya wanawake wa TANU waliobaki hai. Wako Temeke, Ilala na Magomeni, wamepita miaka themanini na tisini, na hawahitaji hotuba ya mtu. Wapewe kiti na mwandishi anayejua kunyamaza.

Kadi ya bibi ninayo, imechakaa pembeni lakini mhuri unasomeka. Mkimtuma mpiga picha, aje asubuhi. Mchana nalala.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam