Runinga zetu zituletee na filamu za maisha halisi ya Wafilipino

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wale wanaotuchagulia vipindi vya runinga. Tamthilia za Ufilipino tumeziona miaka nenda miaka rudi: mtoto aliyepotea akaja kubainika kuwa mrithi wa tajiri, mama mkwe mwenye roho ya korosho, harusi inayovunjika mbele ya padri. Watu wanazipenda, wala sina ugomvi nao. Ninachodai ni kile tunachonyimwa. Nchi hiyohiyo ina filamu fupi na filamu za hali halisi zinazosimulia wafungwa, wazazi, wauza duka na watumishi wa ndani, na nyingi zina uzito ambao tamthilia haziufikii.

Mfano wangu wa kwanza ni Bunso, filamu ya Ditsi Carolino. Mama huyu aliingia na kamera katika gereza moja la Cebu, akawafuata wavulana watatu wa miaka 11 hadi 13 waliofungiwa pamoja na watu wazima. Watoto wanacheza, wanataniana, wanaeleza makwao walikotoka na kwa nini walitoroka. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Unawaona tu, na unabaki kujiuliza ni nani aliyeona ni sawa kuwaweka humo.

Wakati huo, kwa sheria ya Ufilipino, mtoto aliyevuka miaka 9 aliweza kushtakiwa kwa jinai iwapo ataonekana alijua alitendalo. Watetezi wa watoto walikuwa wakidai sheria nyingine kwa muda mrefu, na filamu hii ikawa mojawapo ya vitu walivyowaonyesha wabunge. Mwaka 2006 ikapita Sheria ya Jamhuri namba 9344, na mtoto wa miaka 15 kushuka chini hawajibiki tena kwa jinai. Anapelekwa kwenye malezi na marekebisho. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyotunga sheria. Walioipigania ni wengi na walihangaika sana. Lakini mbunge aliyesomewa ripoti ni mmoja, na mbunge aliyemtazama mtoto wa miaka 11 usoni kwa saa nzima ni mwingine. Hata mwaka 2019, Baraza la Wawakilishi la huko lilipopitisha muswada wa kuushusha umri huo hadi miaka 12, muswada haukufika kuwa sheria.

Kisha kuna Motherland ya Ramona Diaz, ya mwaka 2017. Imepigwa ndani ya hospitali ya uzazi ya Fabella jijini Manila, inayotajwa kuwa miongoni mwa hospitali zinazozalisha wanawake wengi zaidi duniani. Akina mama wanalala wawili wawili kitandani. Wenye watoto njiti wanawabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Wauguzi wanazungumza nao uzazi wa mpango. Mmoja anakubali, mwingine anakataa, mwingine anasema mume hataki. Ufilipino ilipata sheria ya afya ya uzazi mwaka 2012 tu, baada ya mvutano mrefu na Kanisa Katoliki, na katika wodi ile unaona mvutano huo ulivyomfikia mwanamke mmoja mmoja. Kinachonivutia zaidi ni kicheko. Wanawake wale wanataniana, wanasutana, wanapeana moyo. Yeyote aliyelazwa wodi ya wazazi katika hospitali zetu za serikali atawatambua.

Najua kuna watakaosema ni umaskini unaouzwa kwa Wazungu. Lawama hiyo imetolewa hata na Wafilipino wenyewe dhidi ya baadhi ya watengenezaji wao, na wakati mwingine ni ya haki: kamera inapita mabanda ya Manila, inachukua machozi, inakwenda zake Ulaya kutafuta tuzo. Kipimo changu ni hiki: mtu aliye kwenye picha ana jambo la kusema na la kuamua, au amewekwa pale aonewe huruma tu? Kwa Carolino na Diaz jibu ni wazi.

Filamu inayotuhusu zaidi sisi ni Sunday Beauty Queen ya Baby Ruth Villarama, kuhusu Wafilipino wanaofanya kazi za ndani Hong Kong. Siku sita wanafua, wanapika na kulea watoto wa watu. Jumapili, siku yao ya mapumziko, wanavaa magauni na kushindania taji la urembo. Nyuma ya pambo hilo kuna kanuni kali: mtumishi lazima aishi kwa mwajiri wake, na mkataba ukivunjwa ana wiki mbili tu za kubaki nchini. Mwaka 2016 ilishinda tuzo ya filamu bora katika Metro Manila Film Festival, tamasha la msimu wa Krismasi, ikiwa filamu ya kwanza ya hali halisi kuwahi kuingizwa kwenye shindano hilo. Mama wa Tanga, Mombasa au Kampala ambaye binti yake yuko Muscat au Riyadh hatahitaji kuelezwa chochote. Huko Ghuba mabinti zetu na Wafilipino wamebanwa kwa miaka mingi na mfumo uleule wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemleta.

Filamu fupi nazo zipo. Anino ya Raymond Red, juu ya mpiga picha masikini jijini Manila, ilitwaa tuzo ya juu ya filamu fupi katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2000. Excuse Me Miss, Miss, Miss ya Sonny Calvento inamchukua muuza duka wa mkataba mfupi, katika nchi ambayo waajiri wengi huwaachisha watu kazi wakifikisha miezi mitano ili wasifike sita wakawa waajiriwa wa kudumu. Filamu kama hizi zinaingia vizuri kati ya taarifa ya habari na tamthilia.

Jibu ninalolitarajia ni kwamba watazamaji hawataki vitu vya namna hii. Basi waangalie GMA, kituo cha biashara cha Ufilipino kinachotengeneza tamthilia za mapenzi kama zile tunazoletewa. Kituo hicho kina I-Witness, kipindi cha filamu za hali halisi kilichoanza mwaka 1999. Kipindi chao kimoja, cha Kara David, kuhusu wanakijiji wa milimani Mindoro wanaowabeba wagonjwa wao kwa machela hadi hospitali, kilipata tuzo ya Peabody ya Marekani. Biashara yao haikufa.

Ombi langu kwa wakuu wa vipindi ni dogo. Mnapokwenda kununua tamthilia, ulizeni na hizi. Zianze kwa saa moja kila wiki, tafsiri ya Kiswahili iandikwe chini ya picha, na sauti za wahusika ziachwe zisikike. Na tafadhali msizitupe saa sita za usiku, maana muuguzi, dada wa kazi na muuza duka wanaosimuliwa humo wanaamka alfajiri.

Msomaji wako,
Tanga