Anayevuja damu si mshtakiwa

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya Jumanne iliyopita, kuhusu viongozi wa dini na mawakili waliokutana hapa jijini kubishania kama kutoa mimba kunaruhusiwa, nimeisoma mara tatu. Mmeipa karibu ukurasa mzima. Hakuna muuguzi aliyeulizwa neno, wala tabibu, wala mkunga, ilhali hao ndio wanaoupokea mjadala huo saa nane za usiku ukiwa umelala kwenye machela. Gazeti hili nimelisoma miaka na miaka bila kushika kalamu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Ya pande zile mbili sitayarudia. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeyatamka yote mahali pamoja: uhai huanza mimba inapotungwa, na kutoa mimba hakuruhusiwi ila pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Kwa sababu ya maneno hayo makanisa mengi yalisema La katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Kanuni za Adhabu nazo bado zipo: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kazi yake. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza madhara na vifo vya mimba zinazotolewa kiholela 2012, ikauondoa mwishoni mwa 2013, na Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuuondoa vile kulikuwa kinyume cha sheria. Watu na wabishane. Jambo lenyewe ni zito, na simdharau hata kidogo anayeamini kwamba kilichomo tumboni ni mtu kamili.

Linaloniudhi ni kwamba mjadala huo umeingia wodini ukakaa pasipo pake. Mwanamke anayevuja damu kwa mimba iliyotoka nusu hana tiba mbili. Iwe imechoropoka yenyewe, iwe imetolewa kwa vidonge vya wale wanaobandika namba za simu kwenye nguzo za stima, kazi ni ile ile. Mpime presha na mapigo ya moyo, mwekee dripu kwa sindano nene, jua wingi wa damu yake na kundi lake, anza dawa za kuua bakteria ukiona homa au ukisikia harufu mbaya, kisha ondoa mabaki. Kwa macho, kwa vidole, hata kwa ultrasaundi, mimba iliyochoropoka na iliyotolewa kwa vidonge hazitofautiki. Basi yule anayemkazia mgonjwa macho na kumwuliza "ulifanya nini?" hatafuti dalili. Anatafuta mtu akiri.

Maswali yanayobadilisha tiba ni matatu tu. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Umetumia dawa gani, na saa ngapi? Kuna kitu chochote kilichoingizwa ndani? Hilo la tatu ndilo linaloamua kati ya kuishi na kufa. Aliyeingiziwa kijiti, waya au spoku ya baiskeli anahitaji chanjo ya pepopunda, na mfuko wake wa uzazi huenda umetoboka. Ukitoboka, damu humwagika tumboni badala ya kutoka nje, kwa hiyo pedi zinaweza kukudanganya: zinaonyesha damu kidogo huku presha inashuka, tumbo linakakamaa na mgonjwa analalamika maumivu begani. Huyo si wa kusafishwa kwa sirinji ya kunyonya mabaki. Ukipeleka mvuto kwenye mfuko uliotoboka unaweza kuvuta utumbo. Huyo ni wa kupelekwa thieta, apasuliwe na kushonwa. Lakini hutalipata jibu la swali la tatu kutoka kwa mtu uliyekwisha kumwita muuaji.

Ijumaa moja usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa msichana wa kidato cha tatu, bado amevaa sketi ya shule chini ya leso iliyolowa. Aliulizwa mbele ya mlinzi na wagonjwa wengine watano alikofanyia hayo, kisha akaambiwa polisi wataitwa. Akasema ameteleza ngazini. Alishikilia ngazi zile zile kwa saa tatu. Mapigo 132, presha 80 kwa 50, na bado mtu amesimama juu yake anamwuliza jina la mvulana. Ni mkunga mmoja mzee aliyevuta kiti, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, sitakuuliza ni nani. Niambie tu kilichoingia, nijue pa kukupeleka." Msichana alijibu kwa sauti isiyofika kitanda cha pili. Walipompasua walikuta tundu nyuma ya mfuko wa uzazi na utumbo umechanika, uchafu umeshaanza kusambaa. Alipona, ila mfuko wa uzazi ulitolewa, na ana miaka 17. Saa tatu zile hazikuokoa mimba yoyote. Mimba ilikuwa imekwisha kutoka kabla hajafika langoni. Usiku huo huo, kitanda cha pili yake, alilala mama wa watoto watatu ambaye mimba yake aliitaka kwa moyo wote, wiki tisa, imeharibika yenyewe, mabaki yamekwama kwenye mlango wa kizazi na damu haikatiki. Dawa yake ilikuwa dakika kumi za kazi. Sirinji za kunyonya zilikuwemo, ila zimefungiwa kabatini, na ufunguo umeondoka na msimamizi saa kumi na moja jioni mpaka Jumatatu, kwa hofu kwamba "zitatumika vibaya". Mama yule aliongezwa chupa mbili za damu ambazo asingezihitaji. Hivyo ndivyo shaka juu ya mmoja inavyomvujisha damu mwingine ambaye hajawahi kuwaza kutoa mimba maishani mwake.

Na kifaa chenyewe kinachofichwa hivyo ni bomba la plastiki la mililita 60, vali mbili, na kanula za milimita 4 hadi 12. Hakihitaji stima, kwa hiyo hata zikikatika kazi inaendelea. Kinachohitaji ni mkono uliofunzwa na kutunzwa vizuri. Funga vali, vuta mpini hadi mikono yake ishike, subiri dakika mbili tatu, fungua. Usiposikia hewa ikivutwa kwa nguvu, mpira umelegea na utamwachia mgonjwa mabaki. Kanula iliyo ndogo kuliko wiki za mimba huacha mabaki vilevile. Mgonjwa apewe dawa ya maumivu kabla, si baada ya kupiga kelele. Kumnyima ili "akome" ni ukatili, na nimeusikia ukitetewa. Kisha kilichotoka kisimwagwe haraka. Kisuuze kwenye chujio, kiweke kwenye bakuli la maji safi mbele ya mwanga. Vijinyuzi vyeupe vya kondo la nyuma huelea kama manyoya ya kifaranga. Usipoviona, fikiria mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na usimruhusu kwenda nyumbani, maana mirija ya uzazi ikipasuka njiani hatafika.

Kwa wenye imani nasema hivi. Kanisa Katoliki, ambalo halikubali kutoa mimba kwa makusudi, halikatazi kumtibu mama kwa ugonjwa unaomuua hata kama mimba itapotea kwa tiba hiyo. Maulamaa wanatofautiana kuhusu siku 120 za kupuliziwa roho, lakini uhai wa mama wameutanguliza. Na hapa hata hatuzungumzii mimba iliyo hai. Utafiti wa wizara na wenzake ulikadiria mimba 464,690 zilizotolewa Kenya mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa madhara. Sheria ya Afya ya 2017 inaitoza faini ya hadi shilingi milioni tatu hospitali yenye uwezo inayonyima tiba ya dharura, na inataka siri ya mgonjwa itunzwe.

Kama viongozi wale wanataka mahali pa kuzuia mimba zisitolewe, waje kwenye dawati la waliobakwa. Dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Ya kuzuia Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72. Lakini binti anayebakwa Ijumaa huambiwa aende kwanza kituoni akatafute nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kituoni anaambiwa afisa wa dawati la jinsia atarudi Jumatatu, na akirudi hospitali saa 72 zimekwisha. Tiba haingoji OB. Fomu ya PRC, ya matibabu ya aliyebakwa, hujazwa hospitalini, na P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, inaweza kufuata baadaye. Mimba inayotungwa katika siku hizo tatu za kuzungushwa ndiyo mnayokuja kuibishania wiki ya kumi. Na waliokwisha kusafishwa wanaondoka bila kuambiwa kwamba yai linaweza kukomaa tena ndani ya wiki mbili, kabla hata ya hedhi. Wengine tunawapokea tena mwaka haujaisha.

Ninachoomba hakihitaji bunge. Ufunguo wa kabati la sirinji utundikwe kwenye toroli ya dawa na usainiwe zamu hadi zamu, kama tunavyosaini mofini. Maswali yale matatu yaandikwe kwa herufi kubwa juu ya kitanda cha mapokezi, na anayetaka kuuliza la nne aeleze kwenye faili litabadilisha tiba gani. Mlinzi abaki mlangoni. Na pazia la kitanda hicho, lililopelekwa kufuliwa likapotea, lirudishwe wiki hii.

Muuguzi mkunga,
Eastlands, Nairobi