Barua kwa mwanangu: usizifute zile wiki za mtaroni

Mwanangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea pamoja na faili la maombi ulilonitumia Jumapili. Nililisoma kwenye simu, halafu nikaenda kulichapisha stationari pale sokoni ili nilisome vizuri na kalamu mkononi. Mama yako naye amelisoma. Yeye amefurahi tu, hana neno. Mimi nimefurahi, na neno ninalo.

Kwenye wasifu wako nimeona Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimeona mradi wa mwaka wa nne, nimeona na ile kozi uliyosoma mtandaoni. Sikuiona Gairo. Wiki sita za fildi ulizokaa nami barabara ya Morogoro umezifanya mstari mmoja, "mafunzo kwa vitendo, kampuni ya mawasiliano", na kwenye maelezo binafsi hazimo kabisa. Badala yake umeanza na "Tangu utotoni nimependa sana sayansi." Nadhani najua sababu. Uliona koleo na mtaro haviendani na maombi ya shahada ya uzamivu ya fotoniki, yaani sayansi ya mwanga, na elektroniki huko Southampton, Uingereza. Sijaumia, mama. Ila hapo umekosea, na nataka ulione kosa kabla hujatuma.

Kumbuka usiku ule nje ya Gairo. Greda la mkandarasi wa barabara lilikuwa limekata kebo ya nyuzi za kioo, mawasiliano yamelala, simu yangu haiachi kuita. Tulianza kuunga saa mbili usiku. Wewe umeshika taa, mimi namenya nyuzi. Ukasema zimefanana na nywele, nikakwambia unene wake ndio huohuo, maikromita 125, na kiini kinachopitisha mwanga ni maikromita 9 hivi. Nilikufundisha mpangilio wa rangi, bluu, chungwa, kijani, kahawia, na namna ya kufuta uzi kwa spiriti mpaka ulie kwenye tishu, maana uzi uliotakata hulia. Uzi wa nne uliuunga wewe. Mikono ilikuwa inakutetemeka, ukabana pumzi mpaka mashine ilipomaliza.

Alfajiri tukapima kwa OTDR, ile mashine inayotuma mwanga ndani ya uzi na kuonyesha unavyopotea njiani. Kwenye skrini mstari huteremka polepole kadiri mwanga unavyopungua njiani, na kila penye jointi huwa na kidaraja kidogo cha kushuka. Jointi ya uzi wa kijani haikushuka. Ilipanda, desibeli 0.12, kwa kile kipimo chetu cha mwanga kupungua au kuongezeka. Mimi nilishaona hayo mara nyingi. Kazi yetu ni kupima tena kutoka upande wa pili, kujumlisha na kugawa kwa mbili, kisha unajaza fomu. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha vijana wangu. Wewe ukainama kwenye skrini ukauliza, "Baba, huu mwanga ulioongezeka umetoka wapi, na hapa hatujaweka umeme wowote?"

Sikuwa na jibu. Ulilitafuta siku mbili, usiku unasoma pale gesti, mpaka ukaja kunieleza wakati wa chai. Kwamba ile mashine haioni mwanga unaokwenda, inaona ule mchache unaotawanywa na kioo na kurudi nyuma. Kama kipande kipya cha kebo kinarudisha mwanga mwingi kuliko cha zamani, skrini inadhani mwanga umeongezeka. Tulipopima kutoka upande wa Dodoma, jointi ileile ikaonyesha hasara ya desibeli 0.20. Ukajumlisha ukagawa, ikatoka hasara ya 0.04, jointi nzuri tu. Mwanangu, nilikuwa nimegawa kwa mbili miaka 11, na siku ile ndiyo nilijua kwa nini.

Hilo ndilo liwe fungu lako la kwanza. Lile la utotoni lifute.

Nakwambia hivi kwa sababu andiko lako la utafiti linahusu jambo lilelile, nawe hujasema. Unataka kutumia nyaya ambazo tayari ziko ardhini zisikie mtu anayechimba karibu kabla hajazikata. Umeeleza vizuri jinsi mapigo ya leza yanavyotumwa mara maelfu kwa sekunde, jinsi ardhi ikitikisika kioo kinavyovutika kidogo sana, na jinsi mwanga unaorudi unavyobadilika. Huo ni ule mwanga wa Gairo, wenye kurudi nyuma! Profesa atakayesoma atapokea maandiko mengi yenye milinganyo safi kuliko yako. Atakayemwambia kwamba alisimama kwenye mtaro saa tisa usiku akaona kebo ilivyofumuliwa na greda, kisha akajiuliza kama kebo yenyewe isingeweza kupiga kelele mapema, nadhani ni mmoja. Andika pia vitu ambavyo maabara haitaviona: kebo zetu zinapita kwenye udongo mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kujaa maji masika, malori yanapita juu yake usiku kucha, na fundi huacha mizunguko ya akiba kwenye mashimo ya maungio, hivyo kilomita ya mashine si kilomita ya barabara. Mtu akitaka kebo imwambie greda liko wapi, lazima alijibu hilo la akiba. Utafiti wako uko hapo.

Halafu soma historia ya mahali unapoomba, uiweke moyoni. Mwaka 1987 kundi la David Payne pale Southampton lilionyesha kikuza-mwanga cha uzi wa kioo uliochanganywa na madini ya erbiamu (erbium). Unaichangamsha erbiamu kwa leza nyingine, na mwanga dhaifu unapopita unatoka na nguvu mpya, katika urefu wa wimbi wa nanomita kama 1550, palepale ambapo kioo hupoteza kidogo zaidi. Kabla ya hapo, mwanga ukichoka chini ya bahari ilibidi ugeuzwe umeme, urekebishwe, ugeuzwe tena mwanga. Kituo chao cha utafiti wa optoelektroniki kilianzishwa miaka miwili baadaye, 1989. Kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 ilikuja na vikuza-mwanga vya aina hiyo. Basi lile swali lako, mwanga ulioongezeka umetoka wapi, kwetu Gairo lilikuwa kiini macho cha mashine. Kwao lina jibu la kweli. Ningekuwa wewe, ningelisema hivyo hivyo.

Na usiogope kwamba umetoka kazini, si maabara. Charles Kao alikuwa mhandisi wa kampuni ya simu huko Harlow, Uingereza, akapata uzamivu wake wa Chuo Kikuu cha London mwaka 1965 huku ameajiriwa. Mwaka 1966 yeye na George Hockham wakaandika kwamba kioo kikisafishwa hadi hasara ishuke chini ya desibeli 20 kwa kilomita, kitafaa kwa simu. Kioo cha wakati huo kilikuwa kinapoteza kama desibeli 1000. Kampuni ya Corning ililivuka lengo hilo mwaka 1970. Sisi leo tunalaza kebo za desibeli 0.2 na tukiona 0.3 tunakunja uso. Kao alipewa Nobeli mwaka 2009, akiwa tayari na ugonjwa wa kusahau, mkewe Gwen akamsomea mhadhara. Napenda kukikumbuka kisa hicho nikiwa kazini.

Mengine ni ya kiutendaji. Usitume maombi kwenye mfumo kabla hujamwandikia msimamizi unayemtaka. Barua fupi, aya tatu: Gairo, swali lako, na makala moja yake uliyoisoma kweli, useme ni wapi ilikuacha na kiu. Wahadhiri wa kukuandikia barua za mapendekezo waombe sasa, wape na andiko, usiwashtukize wiki ya mwisho. Barua ya kazini iandikwe na injinia wetu wa mkoa, mimi nisiwemo humo. Daraja lako la pili la juu linatosha kuanzia, acha kuliombea radhi kwenye kila ukurasa. Ukipata nafasi, kuna cheti cha ATAS ambacho serikali ya Uingereza inakitaka kwa tafiti za aina hii kabla ya viza, nacho huchukua wiki kadhaa, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Viweke kwenye kalenda.

Pesa. Umeandika kwamba "familia iko tayari kuchangia". Futa. Najua mama yako amekutajia kiwanja cha Kibaha, lakini utafiti wa miaka mitatu minne kwa ada ya mgeni hauwezi kulipwa na kiwanja, na sitaki uanze usomi ukiwa na deni la nyumbani mgongoni. Omba ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao Watanzania tunaruhusiwa, na muulize msimamizi waziwazi kama ana nafasi yenye fedha, maana zile za mabaraza yao ya utafiti huwafikia wageni wachache tu. Mwaka huu zikikosekana, utaomba mwakani ukiwa na vipimo zaidi. Nyaya zipo, na mimi bado nipo kazini.

Ule mchoro wa jointi ya kijani nilikuwa nimeuhifadhi. Nimechapisha pande zote mbili, wa kwenda na wa kurudi, na nyuma yake nimeandika tarehe na majina yetu wawili. Bahasha nimeikabidhi kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi, kaichukue stendi ya Magufuli kuanzia saa nane mchana, jina lako na namba yako nimeviandika juu. Mama yako ameweka na karanga.

Ukimaliza fungu la kwanza nitumie, hata kama ni usiku.

Baba yako,
Dodoma