"Umeniuzia Kadi Iliyotumika!"

Juzi mama mmoja aliingia dukani, akaibwaga mezani postikadi ya kale ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Forodhani hapa Unguja. "Mwanangu, umeniuzia kitu kilichotumika. Tazama, kimeandikwaandikwa wino!" Huyu si wa kwanza, kwa hiyo nalijibu leo.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayowauma. Shilingi 85,000 si za karatasi. Kadi hizi zilinunuliwa hapa Mjini na abiria wa meli na maofisa, zikabandikwa stempu, zikaenda zao Ulaya na Bara Hindi. Chache zilizobaki Unguja zimeliwa na mchwa na unyevu. Kwa hiyo mimi hukesha kwenye minada ya Ulaya, nikishindana na watu wenye fedha kuliko mimi, kisha nalipa usafiri. Bahasha ikifika kona imekunjika, hasara yangu. Na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kila mtu anaitaka hiyohiyo.

Sasa wino. Zamani nyuma ya kadi palikuwa pa anwani tu. Salamu ulizibana mbele, pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu nyuma kugawiwa kwa mstari 1902, Ujerumani 1905. Kadi isiyo na mstari ina kisa chake, na mwandiko uliosongamana chini ya picha ndio unaokieleza. Za Dar es Salaam natazama pia stempu: zilizoandikwa "pesa", sarafu ndogo ya enzi ya Wajerumani, zilitangulia, za heller, sarafu iliyoifuata, zikaanza 1905.

Picha peke yake hudanganya. Ninayo kadi ambayo mnara wa taa bado umesimama mbele ya Beit al-Ajaib. Mnara ule ulipigwa mizinga na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, baadaye ndipo jumba likajengewa mnara wa saa usoni. Basi picha ni ya kabla ya vita vile. Lakini kadi? Wachapaji walizirudia picha za zamani miaka na miaka. Muhuri wa posta ndio nauamini, na nyinyi ndio mnaoniomba nikutafutieni "safi, isiyo na muhuri".

Mteja mmoja wa Maskati, ambaye wazee wake walitoka hapa, hakuniuliza. Alichukua kadi ya Forodhani iliyopakwa rangi kwa mkono, akaipangusa kwa pamba yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe. Wino ukatoka. Bahari nayo ikatoka. Akanitumia picha ya karatasi ya manjano yenye jahazi linaloelea hewani. Kumtafutia nyingine kulinichukua miezi saba, akalipa karibu mara mbili, na bado akaniambia mimi ghali.

Wengine huipeleka stashonari ikalaminetiwa "isiharibike". Gundi ile huyeyuka kwa moto, ikaingia kwenye karatasi, haitoki tena. Kadi ya namna hiyo siinunui hata kwa elfu mbili. Wapo pia wanaoirowesha ili wabandue stempu. Msifanye hivyo, jamani. Itieni kwenye mfuko wa plastiki laini usio na gundi, mbali na jua, basi.

Na wanaosema picha ipo bure intaneti, kweli ipo. Chapisheni, tundikeni sebuleni, sina ugomvi. Ila msiniletee niinunue kama ya kale. Naweka kioo cha sonara: kadi ya picha halisi, yaani iliyosafishwa kama picha ya kamera, haina vidoti hata uikuze vipi, iliyotoka kwenye printa ni vumbi la rangi tupu.

Yule mama nilimpa kiti, nikamsomea mwandiko. Kijana wa meli anamwambia dada yake mji unanukia karafuu, na sikio lake bado linamuuma.

Akanyamaza. "Na dada yake alimjibuje? Huwezi kunitafutia?"

Hiyo, mama, siwezi. Kama alijibu, ilikuja huku, kwenye mchwa.

Kadi ameondoka nayo.