Niacheni niimbe baada ya saa tisa na nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mtumishi wa umma anayepanda jukwaani kuimba anamwibia mwajiri wake, na kwamba watu wa namna hiyo wachague moja, meza au maikrofoni. Alifunga barua yake kwa methali: mshika mawili, moja humponyoka. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Mchana niko masijala, yaani chumba cha kutunza majalada na barua, katika ofisi moja ya umma hapa Tabora. Jioni na Jumamosi natunga nyimbo na kuziimba.

Methali hiyo naijua vizuri, nimesomewa tangu nianze kazi. Ajabu ni kwamba sijawahi kuisikia akisomewa mtumishi mwenye ekari za tumbaku Urambo. Hasomewi mwenye kuku wa mayai, hasomewi mwenye bodaboda, wala yule dada anayepita na vitenge meza kwa meza na kudai mwisho wa mwezi. Tena huyu wa vitenge anauza saa za kazi kabisa, na sisi ndio wateja wake, nikiwemo mimi. Hao wote ni wajasiriamali na wanapigiwa mfano kwenye vikao. Mwimbaji ndiye "hajatulia". Akiwa mwanamke mwenye watoto kuna na maneno mengine, hayo siyaandiki gazetini.

Halafu msomaji anaandika kana kwamba ofisi na muziki havijawahi kulala nyumba moja katika nchi hii. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima la Taifa, UDA Jazz ya shirika la mabasi la Dar es Salaam. Mlimani Park nayo ikaja kuwa chini ya DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Polisi, Magereza, JKT na Jeshi la Wananchi walikuwa na bendi zao. Kwenye ushairi ndiyo usiseme. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, na hakuna anayesema Idara ya Forodha iliibiwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, jirani zetu hapo mwisho wa reli, alikuwa malenga na akawa Meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Na mji huu wa Tabora, kabla mimi sijazaliwa, uliweza kuwa na bendi za Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Wazee wangu wa Kanyenye ukiwachokoza ni ipi iliyokuwa juu, chai inapoa mezani.

Ila nisijipendelee. Bendi zile za mashirika zilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alilipwa mshahara apige muziki, na shirika likitaka kusifiwa, lilisifiwa. Mimi sitaki ofisi iniundie bendi. Naimba nyimbo zangu, kwa jina langu, na gitaa kavu nililonunua kwa fedha yangu. Hilo linanipa uhuru wao hawakuwa nao, na linaninyima mshahara wao waliokuwa nao. Nimekubali.

Kuhusu huo wizi wa muda sina mengi. Saa za Serikali ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na masijala huwezi kujificha: jalada lisipofika kwa mkuu wa idara, simu inalia kwako. Mazoezi yetu ni jioni, Ng'ambo, nyumbani kwa mpiga kinanda, kwa sababu ndiye mwenye sebule isiyo na mtoto mchanga. Sauti zinazonijia alfajiri nikiwasha jiko nazirekodi kwenye simu, nazisikiliza usiku. Nyingi usiku zinakuwa ovyo. Jumamosi ni sendofu au harusi, ambako watu hawataki nyimbo zangu hata kidogo, wanataka zile walizozizoea. Nawaimbia. Ya kwangu moja naipenyeza wakati wa chakula, midomo yao ikiwa imejaa pilau na hakuna anayeweza kulalamika. Malipo tukishagawana na wapigaji, na nikiweka akiba ya studio, kinachobaki ni cha vocha.

Jambo ambalo msomaji hawezi kulijua ni kwamba ofisi imenifundisha kutunga. Dokezo zuri, yaani ile karatasi fupi ya kumwandikia mkuu ndani ya jalada, halina porojo. Unaeleza jambo, unaonyesha lilipofikia, unaomba uamuzi, basi. Zamani nyimbo zangu zilikuwa na beti sita za kulia kabla mtu hajajua nani kafa. Siku hizi ubeti wa kwanza unasema. Na kila wimbo una jalada lake nyumbani, la kununua dukani, msije mkafikiri ni la Serikali. Kila rasimu naipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kama barua. Mara ngapi nimeharibu kiitikio kwa kukirekebisha mno, nikarudi kwenye folio ya pili na kukikuta kizima! Watunzi wengi ninaowafahamu wanafuta kwenye simu na kinachofutwa kinapotea.

Sasa nifike kwenye gharama, maana ipo, na haiko kwenye saa.

Mtu wa masijala anaapa kutunza siri. Kila siku mkononi mwangu yanapita mashauri ya watu: mjane anayedai mirathi, mwalimu anayefuatilia kupandishwa daraja, ndugu wawili wanaogombea kiwanja alichoacha baba yao. Mtunzi akikaa kijiweni anasikia hadithi na kuzitungia nyimbo, na hakuna wa kumuuliza. Mimi hadithi nzuri kuliko zote mjini hapa zimo kwenye makabati yangu, na ni haramu kwangu. Sinung'uniki, kiapo ni kiapo. Mjane yule hakuleta barua yake ili iwe wimbo. Lakini jaribu kukaa na njaa ndani ya ghala uliloapa kulilinda, kisha uniambie kama kinachokusumbua ni saa.

Mwaka fulani niliimba juu ya mzee aliyevaa koti la kaki, anayerudi dirishani kila wiki kuuliza malipo yake, na kila wiki anaambiwa mwenye funguo hayupo. Mzee yule ni mjomba wangu, mkulima wa tumbaku, na dirisha lile halikuwa letu wala la Serikali. Koti analo hadi leo. Wimbo ukapigwa kwenye redio, na muda si mrefu nikakabidhiwa barua ya kujieleza: ninatuhumiwa kutoa siri za ofisi kwa njia ya wimbo. Ikasemekana mzee wa wimbo ni mstaafu fulani ambaye jalada lake lilikuwa halionekani. Nikabaki nashangaa, kwa sababu mimi wa masijala ya wazi, yanakokaa majalada ya kawaida, nilikuwa sijaambiwa kuna jalada halionekani. Aliyeniandikia ndiye aliyenipa hiyo siri!

Nilijibu ndani ya muda. Niliambatanisha mashairi yote pamoja na karatasi za usajili wa wimbo kutoka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, zenye tarehe ya nyuma kabisa kabla ya mstaafu huyo hajaanza kufuatilia. Nawashauri wenzangu mnaotunga huku mmeajiriwa, sajilini kazi zenu, siyo kwa ajili ya mirabaha tu. Tarehe inaweza kukuokoa. Sikupewa adhabu, na barua ya kunisafisha sikupewa pia. Shauri likakaa kimya, lilivyo hadi leo.

Kimya hicho ndicho kinachonisumbua kuliko onyo. Ningeonywa ningejua mpaka uko wapi. Tangu siku hiyo kila nikiandika neno "dirisha", "mhuri" au "njoo kesho", nasimama na kujiuliza nani atajitambua. Nina wimbo juu ya foleni ya hospitali ambao ni mzuri, nasema mwenyewe bila haya, na nimeufungia kabatini ingawa kwenye hospitali sijawahi kufanya kazi hata siku moja. Nimeanza kupenda kuimba mapenzi. Nyimbo za mapenzi hazina barua ya kujieleza, isipokuwa nyumbani.

Ndiyo maana barua ya msomaji wenu ilinichoma. Anataka tuchague moja, wakati tunachokosa ni maelekezo yanayoeleweka. Maadili ya utumishi yanakataza kutumia muda na mali ya ofisi kwa shughuli binafsi, yanakataza mgongano wa maslahi, yanakataza kutoa siri. Nayakubali yote. Lakini nani amekaa na mtumishi msanii akamwambia wimbo ukigusa hivi ni siri, ukigusa vile ni maisha ya kila Mtanzania? Hakuna. Kila mkuu anapima kwa sikio lake na kwa jinsi alivyoamka.

Likizo nayo ni hivyohivyo. Niliwahi kuomba likizo yangu ya mwaka, siku zangu halali, niende Dar es Salaam kurekodi. Ikaidhinishwa, studio ikalipwa malipo ya awali, ikasogezwa kwa sababu wakaguzi wanakuja. Wakaguzi nawaelewa, masijala ndiko wanakoanzia. Ila wiki ileile mwenzangu wa meza ya pili aliruhusiwa kwenda kuvuna tumbaku, na wengine walikuwa wakijiandaa na SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa Serikali za Mitaa, wakavute kamba kwa posho. Sina ubaya na kamba, nilishangilia. Nasema tu kwamba mvuta kamba anaitwa balozi wa ofisi, mvuna tumbaku anaitwa mchapakazi, na mimi niliitwa na kuulizwa kama nina uhakika na vipaumbele vyangu. Malipo ya awali ya studio hayakurudi.

Wapo wanaonishauri kwa nia njema: acha kazi, uimbe. Mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kulipia ada ya mtoto kwa fedha za sendofu. Msimu wa kulima harusi zinapungua, na Mfungo wa Ramadhani zinakauka. Mshahara na bima ya afya ndivyo vinavyonipa jeuri ya kukataa kuimba ninachoambiwa na mwenye sherehe. Zaidi ya hapo, kuna jambo wenzangu wa muziki hawaniamini nikilisema: naipenda masijala. Napenda jalada lililokuwa limepotea likapatikana, mtu akapata haki yake, na hakuna anayejua nani alilitafuta. Nikifika miaka 60 nitastaafu na kiti changu atakalia mwingine asubuhi yake. Nyimbo zangu, kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, zitaendelea kuwa mali ya wanangu miaka 50 baada ya kunizika. Kwa nini nichague?

Ombi langu kwa wakubwa ni dogo. Ofisa Utumishi aandike nusu ukurasa tu, kwa Kiswahili cha kawaida, kinachoeleza mtumishi anayeimba, anayeigiza au anayeandika anatakiwa kuomba kibali kwa nani, kwa jambo gani, na ajibiwe ndani ya siku ngapi. Likizo iliyoidhinishwa kwa msanii iheshimiwe kama ya mkulima. Na mtu akituhumiwa kwa wimbo, shauri liishe kwa barua, kwa kumtia hatiani au kumwacha huru. Jalada lisilofungwa ni kosa hata kwa taratibu zetu sisi wa masijala.

Kwa wenzangu mnaoimba kwa kujificha, na nawajua, wengine mmebadilisha majina: ombeni ruhusa kwa maandishi hata pale mnapodhani haihitajiki, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Msiimbe mkiwa na kitambulisho cha kazi shingoni. Nimeona hilo kwa macho yangu kwenye harusi moja pale Cheyo, na picha zikasambaa kabla keki haijakatwa.

Na wewe msomaji mwenzangu, ukipita Tabora mwisho wa mwezi uliza watu wa Ng'ambo tunapigia wapi Jumamosi hiyo. Tunaanza saa mbili usiku, ingawa kwa kweli ni saa tatu. Kiingilio nitakulipia mimi. Soda utajinunulia.

Mtumishi wa masijala na mtunzi wa nyimbo,
Ipuli, Tabora.